Joto la Bwawa Huondoka na Mvuke

Mwezi wa Julai jijini Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, usiku hushuka hadi nyuzi 12 hivi, na bwawa la kuogelea lisilo na hita hubaki la kutazamwa tu. Tuchukue bwawa la hoteli ndogo: urefu mita 10, upana 5, kina cha wastani 1.5. Hizo ni lita 75,000.

Kupandisha joto la lita 1,000 za maji kwa nyuzi 1 ya Selsiasi huhitaji uniti 1.16 za stima. Kuyatoa maji yetu nyuzi 20 hadi 27 ni takriban uniti 610. Tukikadiria uniti kwa shilingi 25, ni shilingi 15,250. Ukitaka kazi iishe kwa saa 24, unahitaji kilowati 25 mfululizo, kama hita tano za bafuni zilizowashwa usiku na mchana. Laini nyingi za nyumbani hazibebi mzigo huo.

Wenye mabwawa wengi huishia kwenye hesabu hiyo, na ndipo wanapoumia. Gharama nzito inakuja baadaye, kila siku, kwa njia ya mvuke. Kila lita inayogeuka mvuke huondoka na joto la karibu uniti 0.68. Bwawa likipungua milimita 5 kwa siku, na siku ya upepo hilo si ajabu, zimekwenda lita 250, yaani uniti 170. Maji yamepoa karibu nyuzi 2. Kuzirudisha kwa hita ya koili ni shilingi 4,250 kwa siku, 127,500 kwa mwezi!

Idara ya Nishati ya Marekani inasema kifuniko hupunguza gharama ya kupasha bwawa kwa asilimia 50 hadi 70. Tuchukue 50: zinabaki uniti 85. Sasa weka pampu ya joto, inayovuta joto la hewani na kutoa uniti 3 hadi 7 za joto kwa kila uniti ya stima. Ikitoa 5, utalipia uniti 17, shilingi 425 kwa siku. Iwashe mchana, kwa kuwa hewa baridi huipunguzia nguvu. Mwenye paa kubwa aangalie sola, ingawa atahitaji mita za mraba 25 hadi 50 za paneli.

Kwenye ufungaji, mpangilio ni pampu, chujio, hita, kisha klorini mwisho kabisa. Klorini ikitangulia hita, dawa kali hula mabomba ya shaba ndani yake, na madoa ya kijani-buluu hujitokeza ukutani mwa bwawa. Pima pH kila wiki, ibaki kati ya 7.2 na 7.8. Ikishuka, shaba inalika. Ikipanda, chokaa huganda ndani na hita hula stima bure.

Fundi akikuletea makadirio ya hita yasiyo na bei ya kifuniko, mrudishie ayaandike upya.