Viti Kwanza, Jina Baadaye: Tulivyoshauriana na Binti Yetu Juu ya Chuo cha Udaktari wa Meno



Sisi ni watu wa Mombasa tuliohamia Ruiru kwa ajili ya riziki. Nyumba yetu haiko mbali na barabara kuu ya Thika, barabara ambayo imepangwa vyuo kama shanga kwenye uzi. Ukielekea Nairobi utakikuta Chuo Kikuu cha Kenyatta. Ukielekea Thika utapita Juja, kilipo chuo cha Jomo Kenyatta, kisha ufike Thika mjini penye Chuo Kikuu cha Mount Kenya. Kwa hivyo binti yetu alipotutamkia, baada ya matokeo ya KCSE, kwamba ataka kuwa daktari wa meno, tuliona jambo ni jepesi. Atasoma jirani, na jioni atarudi kula nasi. Hatukujua kwamba chuo kufundisha udaktari si dalili kwamba chafundisha na udaktari wa meno. Hiyo ni skuli nyingine, yenye walimu wake na vyombo vyake.

Hamu yake ilianza kwa wenzake wa shuleni Thika. Wako wasichana waliokuwa wakifunika mdomo kila wachekapo, kwa kuwa meno yao yana madoa ya kahawia. Mwalimu wa sayansi aliwaeleza kwamba huo si uchafu. Maji ya visima virefu, katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa na viungani mwa Nairobi, yana floridi nyingi, na mtoto akiyanywa wakati meno yake yangali yanaumbika, madoa hubaki. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na viko visima vinavyokipita mbali. Binti yetu amelelewa na bibi yake juu ya sunna ya mswaki, na akidhani kwamba kupiga mswaki kwatosha. Alipojua kwamba hakutoshi, akasema, "Mama, hawa nani atawatibu?"

Tukaketi kushauriana, na ami yake akajiunga kwa simu kutoka Mji wa Kale. Twaandika haya kwa kuwa tulikaribia kukosea, na huenda nyumba nyingine iko pale pale tulipokuwa sisi.

Kosa letu la kwanza lilikuwa haraka. Wakala mmoja alitupa karatasi nzuri ya chuo cha ng'ambo, akaahidi nafasi bila masharti mengi, na akataka malipo ya awali ndani ya wiki 1. Tulikuwa tumeshaanza kuzikusanya fedha. Ni binti aliyesema, "Baba, tuulize kwanza nikirudi nitaruhusiwa kutibu?" Tukauliza katika Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, ambalo ndilo linalowasajili madaktari wa meno nchini. Jina la chuo kile halikuwamo katika orodha. Aliyesoma nje, hata katika chuo kinachotambuliwa, aweza kutakiwa kufanya mtihani wa Baraza kabla ya kuanza mafunzo ya vitendo. Tangu siku hiyo tuliweka kanuni: orodha ya Baraza husomwa kabla ya karatasi ya wakala, na husomwa upya kila mwaka, kwani hubadilika.

Baada ya hapo tulibaki na majina machache. Ndani ya Kenya, skuli mbili zinazojulikana ni ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho kimekuwa kikifundisha fani hii tangu 1974, na ya Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret. Kwa majirani kuna Makerere jijini Kampala, na Muhimbili jijini Dar es Salaam. Ami yake aliipenda Muhimbili. "Huko mgonjwa ataeleza maumivu kwa Kiswahili," alisema, "na mtoto atasikia adhana kila upande." Ni maneno ya kweli. Lakini Tanzania na Uganda zina kidato cha 6, nasi hatuna. Mwenye KCSE hana budi kuuliza ulinganifu wa cheti chake na masomo ya kati atakayotakiwa kuyapitia, kabla hajalipa hata ada ya fomu. Tulipohesabu muda na gharama, Dar es Salaam tuliiacha, si kwa kuidharau.

Baina ya Nairobi na Eldoret, sisi wazazi tulitazama umbali. Nairobi ni mwendo wa kilomita 25 hivi kutoka kwetu; Eldoret ni zaidi ya 300. Binti akatazama kitu kingine. Daktari mmoja wa meno wa Thika alikuwa amemwambia kwamba ufundi huu haujifunzwi kwa macho. Miaka ya mwanzo mwanafunzi husoma viungo vya mwili na utendaji wake, kisha hutiwa mbele ya mgonjwa: kutia ganzi, kuziba, kung'oa, kutengeneza meno ya bandia. Basi uliza kuna viti vingapi vya matibabu, na wanafunzi wangapi hukingojea kiti kimoja. Uliza wagonjwa huja wa kutosha au huja kwa nadra, na vifaa vya mkononi hutolewa na chuo au hununuliwa na mzazi. Binti akayaandika maswali hayo na kuyauliza katika skuli zote mbili, akizungumza na wanafunzi wa miaka ya mwisho.

Majibu yalitufundisha kwamba ukaribu wetu ulikuwa na udanganyifu ndani yake. Mwanafunzi wa kliniki hutakiwa kufika asubuhi mapema, na msongamano wa barabara ya Thika haumngoji mtu. Hata akisoma Nairobi, miaka hiyo atahitaji makazi karibu na kliniki. Kwa hivyo swali la binti kulala nje ya nyumba lilikuwa letu kokote, na tulilijibu kwa kutafuta mwenzake mwema wa kuishi naye, na jamaa wa kumtazama.

Likabaki lililo zito kuliko yote, nalo ni fedha. Mfumo ulioanzishwa 2023 uliigawa gharama ya chuo katika ufadhili wa serikali, mkopo, na mchango wa familia. Mkopo wa HELB kwa shahada ya kwanza una riba ya asilimia 4. Tulinyamaza kitambo. Mmoja wetu alisema ni dharura. Mwingine akasema dharura haitangazwi kabla milango mingine haijabishwa. Hatutoi fatwa katika ukurasa huu. Tulikwenda kwa sheikh wetu, na kila nyumba na iende kwa wake. Twasema tu kwamba mazungumzo haya yafanywe kabla ya fomu, wala si siku ya kulipa karo. Sisi tulibisha milango: ami alitoa ahadi ya mwaka wa kwanza, khalati ahadi ya vitabu, na kiwanja kidogo cha urithi tulikubaliana kitauzwa ikibidi. Ahadi zote tuliziandika na kuzitia saini, kama tulivyofunzwa kuandika madeni.

Hatukumficha yanayokuja baadaye. Baada ya shahada kuna mwaka wa unagenzi, na mgomo wa madaktari wa Machi hadi Mei 2024 ulihusu, pamoja na mengine, malipo na nafasi za madaktari wanagenzi. Alisikiliza, akasema bado ataka.

Katika fomu ya KUCCPS aliweka Nairobi mwanzo na Eldoret baadaye. Chini yake aliandika stashahada ya afya ya kinywa ya KMTC, kwa kuwa alama za kujiunga na udaktari wa meno ni za juu na nafasi ni chache. Tulipotaka kuifuta hiyo ya mwisho kwa kuona ni ndogo, alitukataza. "Wale wenzangu wa Thika hawataniuliza cheti changu kina jina gani," alisema. Tukaona haya, tukaiacha.

Usiku ule aliswali istikhara. Majibu ya nafasi hatujayapata tunapoandika. Mtuombee, nasi twawaombea watoto wenu.