Nyumba ya Buffalo Bill huko North Platte

Katika mji wa North Platte, jimbo la Nebraska, Marekani, imehifadhiwa nyumba ya William Cody (1846-1917), aliyejulikana zaidi kwa jina la Buffalo Bill. Nyumba hiyo ilijengwa mwaka 1886. Ranchi yake aliiita Scout's Rest, yaani Pumziko la Mpelelezi, kwani Cody aliwahi kuwa mpelelezi wa jeshi. Leo wageni hutembelea vyumba vyake pamoja na banda kubwa la farasi, ambalo ncha za mapau yake zimechongwa mfano wa vitako vya bunduki.

Lakabu yake ilitokana na kuwinda nyati ili kuwalisha wajenzi wa reli. Kuanzia mwaka 1883 aliyageuza maisha hayo kuwa maonyesho, ambayo mwaka 1887 yalifika London. Sitting Bull, kiongozi wa Walakota, alishiriki mwaka 1885; mwaka 1890 aliuawa na polisi waliotumwa kumkamata. Uwanjani, vita vya ardhi viliishia kwa makofi. Nje ya uwanja, viliishia kwa makaburi.

Sinema zilirithi mchezo huo na kuufikisha Kongo. Katika miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville walijiita Bills, na lugha yao ya mitaani ikaitwa hindubill. Basi anayezuru nyumba ile hana budi kutenganisha mambo mawili: mtu aliyeishi humo, na hadithi iliyosafiri mbali kuliko yeye.