Lori lisilosubiri: teknolojia inavyopunguza moshi na gharama ya mizigo

Lori kubwa likisimama kwenye foleni na injini ikinguruma, huchoma takriban lita 3 za dizeli kwa saa. Likingoja saa 6, lita 18 zimekwisha na hakuna hata gunia moja lililosogea. Kila lita hutoa karibu kilo 2.7 za hewa ya kaboni, kwa hivyo foleni hiyo moja imemwaga kilo 49 hivi angani, mbali na masizi wanayovuta wauza mahamri na wapita njia. Mafuta hayo hayapotei bure: mkazi wa Bofu huyalipia dukani, ndani ya bei ya unga na sabuni.

Mara nyingi kinachosimamisha lori si barabara bali karatasi. Zamani wakala wa forodha alizunguka na faili kutoka ofisi hadi ofisi, mhuri baada ya mhuri, huku kontena likikaa bandarini na dereva akilala chini ya lori. Mfumo unaosimamiwa na shirika la serikali la KenTrade, lililoundwa mwaka 2011, umeziunganisha taasisi hizo kwenye dirisha moja la mtandaoni. Nyaraka zinaweza kutumwa meli ikiwa bado baharini. Mwenye mzigo akijua kontena lake liko tayari, hana sababu ya kutuma lori likapange foleni tangu alfajiri.

Safari nayo hufuatiliwa. Mwaka 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kutumia mfumo wa pamoja wa kufuatilia shehena zinazopita nchini kwenda nchi jirani. Kontena hufungwa sili ya kielektroniki inayotuma taarifa za mahali lilipo. Lori likiacha njia iliyoidhinishwa, au sili ikifunguliwa, maafisa wa forodha hupata habari papo hapo. Kabla ya hapo, baadhi ya mizigo ililazimika kwenda kwa misafara yenye kusindikizwa, na lori lililokuwa tayari lilisubiri wenzake.

Limebaki tatizo la malori matupu. Bandari ya Mombasa hupokea mizigo mingi kuliko inayotoka, kwa hivyo lori lililopeleka ngano Kampala, zaidi ya kilomita 1,100, huweza kurudi bila kitu. Kampuni kama Lori Systems, iliyoanzishwa nchini mwaka 2016, huwaunganisha kwa mtandao wenye malori na wenye mizigo ili hata safari ya kurudi iwe na kazi.

Hesabu hiyo hiyo iko Bofu, ila kwa kipimo kidogo. Mama mboga watano wakienda Kongowea kila mmoja kivyake, ni nauli tano, kuvuka feri mara tano na tuktuk tano za kurudisha mzigo. Wakiagiza pamoja kwa simu na kulipa kwa M-Pesa, gari moja linatosha. Hapo panahitaji kuaminiana kuliko kunavyohitaji programu mpya, maana nyanya mbovu hazionekani kwenye simu.

Mitambo hii ina kasoro zake. Mtandao ukikatika, foleni hurudi pale pale. Na ikiwa kila nafasi iliyookolewa itajazwa na lori jingine, moshi utabaki ule ule.

Bandari na forodha ziko chini ya Serikali ya Kitaifa. Hata hivyo Katiba imezipa kaunti jukumu la maegesho, barabara za kaunti na udhibiti wa uchafuzi wa hewa na kelele. Mkazi anayesumbuliwa na malori yanayoegeshwa mtaani huku injini zikiunguruma anaweza kufika kwa msimamizi wa wadi na kueleza mahali, siku na saa. Picha ya simu inayoonyesha nambari ya gari itasaidia.