Je, Wajua? Kupigiwa taa si ruhusa ya kupita

Mwongozo rasmi wa barabarani wa Uingereza, Highway Code, unaruhusu kupiga taa kwa sababu moja tu: kumjulisha mwenzako kwamba upo. Kanuni ya 110 inakataza kutuma ujumbe mwingine wowote au kumtisha mtu kwa taa. Kanuni ya 111 inaonya: ukipigiwa taa, usidhani umepewa njia.

• Nchini Ujerumani, sheria inamruhusu dereva aliye nje ya mji kupiga taa kutangaza kwamba anataka kulipita gari la mbele.

• Nchini Marekani, mwaka 2014 jaji wa mahakama ya shirikisho aliuzuia mji wa Ellisville, Missouri, kuwakamata madereva wanaopiga taa kuwatahadharisha wenzao kuhusu mtego wa mwendokasi. Hoja ilikuwa uhuru wa kujieleza. Uingereza, kitendo hicho kinaweza kukufikisha mahakamani kwa kumzuia askari kufanya kazi yake.

• Kwenye barabara kuu za Tanzania na Kenya, taa hizohizo huweza kumaanisha “trafiki wako mbele”, “pita”, “punguza mwanga” au “nakuja, usiingie!”

Basi ukipigiwa taa, hakikisha kwa macho yako kabla ya kuingia barabarani. Huenda kuna bodaboda inapenya ubavuni. Na usiku shusha taa mapema: kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, dereva uliyempofusha kwa sekunde 2 anakwenda mita 44 bila kuona vizuri.