Fahamu: Nowruz, mwaka mpya wa Waajemi

Nowruz ni siku ya kwanza ya mwaka wa Kiajemi, Machi 20 au 21, jua linapopita juu ya Ikweta. Familia huisubiri dakika yenyewe, hata ikiwa usiku wa manane, zimezunguka meza yenye vitu saba: siki, tufaha, kitunguu saumu, ngano iliyochipua na vinginevyo.

Asili yake
Inahusishwa na dini ya Zoroasta. Waajemi walisilimu, sikukuu ikabaki, na hilo ndilo la kustaajabisha.

Kalenda ya sasa
Bunge la Iran liliipitisha kalenda ya Kiajemi inayotumika sasa mwaka 1925.

Na Zanzibar?
Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, hunasibishwa na Nowruz hiyohiyo, inayoitwa huko Nairuzi. Huangukia Julai kwa sababu hesabu yake ya siku 365 haina mwaka mrefu, hivyo tarehe yake imesogea.