Ushangiliaji Si Mzaha

Mzaha mzaha, walinena wahenga, hutunga usaha. Methali hii yaafiki mno hali ya ushangiliaji katika shule na vyuo vya Marekani, ambako vijana hujipanga kandokando ya uwanja kuzitia ari timu zao.

Ushangiliaji huo ulianzia Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka wa 1898, na awali ulikuwa kazi ya wanaume wenye sauti kubwa. Hivi leo washangiliaji aghalabu ni wasichana, wala kazi yao si kupaaza sauti tu. Hupandiana mabegani, hujenga minara ya watu, na humrusha mwenzao hewani wakitaraji kumdaka.

Mnamo Machi 2006, mjini St. Louis, mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu aliporomoka kutoka kilele cha mnara kama huo katika mechi ya mpira wa vikapu. Alitua kwa kichwa, pingili ya shingo ikapata ufa. Alipokuwa akiondolewa kwa machela, bendi ilipiga wimbo wa chuo, naye akainua mikono na kuendelea kushangilia. Umati ukamtuza makofi. Ni ujasiri, sikatai. Lakini je, makofi hayo yangemfaa nini lau uti wa mgongo ungekatika? Ni baada ya ajali hiyo ndipo minara mirefu ilipopigwa marufuku katika mechi hizo pasipo magodoro sakafuni.

Mwaka wa 1980, majeruhi wa ushangiliaji waliofikishwa hospitalini kwa dharura nchini humo walikadiriwa kuwa 4,954. Kufikia 2007 walikuwa 26,786.

Kiini cha balaa hii, kwa maoni yangu, ni jina. Ushangiliaji ukiitwa burudani, hakuna anayeuliza iwapo mkufunzi amehitimu, iwapo sakafu ni salama, au iwapo daktari yu karibu. Ndiyo maana mwaka wa 2012 madaktari wa watoto wa Marekani walipendekeza utambuliwe kuwa mchezo kamili. Walishauri pia mnara usizidi kimo cha watu wawili, usijengwe mahali pagumu au penye utelezi, na aliyeumia kichwa asirejee hadi daktari amruhusu.

Walimu na wanafunzi wa hapa kwetu wasidhani kuwa hayo ni ya ng'ambo. Sarakasi katika sherehe za shule nazo huwa na mnara, na chini yake huenda pasiwe na chochote ila ardhi kavu. Mwalimu aliye karibu asingoje makofi yaishe. Akiona magoti ya aliye chini yanatetemeka, na amwamuru aliye juu ashuke. Twapenda kusema kuwa ajali haina kinga. Hata hivyo, godoro lina bei, na shingo ya mtoto haina.