Jishonee mkoba wa fasheni bila kununua jina

MNAMO Aprili 2007, wakazi wa London walirauka alfajiri na kupiga foleni nje ya maduka ya Sainsbury’s wakisubiri mkoba. Haukuwa wa ngozi wala wa hariri. Ulikuwa wa kitambaa cha pamba, wenye mikanda miwili na maandishi yaliyotangaza kwamba huo si mfuko wa plastiki.

Mbunifu wake, Anya Hindmarch, aliuuza kwa pauni 5 ilhali mikoba yake mingine iligharimu mamia ya pauni. Waliogombania mkoba huo waligombania jina. Mkoba wenyewe ulikuwa vipande vichache vya kitambaa ambavyo yeyote mwenye cherehani angeweza kuviunga.

Hapa Kenya, mkoba wa namna hiyo si pambo tu. Tangu Agosti 28, 2017, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku, na anayekiuka agizo hilo anakabiliwa na faini ya kati ya Sh2 milioni na Sh4 milioni, au kifungo cha mwaka mmoja hadi minne. Tatizo ni kwamba mikoba mingi ya bei rahisi hukatika mikanda kabla ya unga kufika nyumbani.

Ili ujishonee mkoba utakaodumu, tafuta kitambaa kizito cha pamba: kanvasi, jinzi au pazia kuukuu lisilochakaa. Kikiwa na upana wa sentimita 150, urefu wa sentimita 60 utatosha. Kifue na kukipiga pasi kabla ya kukikata, kwa sababu pamba hurudi inapolowa maji. Ukipuuza hatua hii, mkoba utajikunja siku ya kwanza kufuliwa.

Kata vipande viwili vya mwili, kila kimoja upana wa sentimita 50 na urefu wa sentimita 48. Kata pia vipande viwili vya mikanda vyenye urefu wa sentimita 70 na upana wa sentimita 10. Kunja kingo za kila mkanda zikutane katikati, kisha ukunje tena mara mbili. Utapata mkanda wenye tabaka nne na upana wa sentimita 2.5. Ushone pande zote mbili.

Laza vipande vya mwili vikiangaliana kwa upande wa nje, kisha ushone ubavu kwa ubavu na chini, ukiacha sentimita moja ukingoni. Pitisha mshono mara ya pili, na uzibe kingo kwa mshono wa zigizaga ili zisifumuke. Kwa kitambaa kizito, tumia sindano nambari 16.

Kinachoutofautisha mkoba wa mbunifu na gunia ni kitako. Shika pembe ya chini, uilaze ili mshono wa ubavu ulalie mshono wa chini. Pima sentimita 5 kutoka nchani, chora mstari wa kukata mshono huo, na ushone juu yake. Mstari huo utakuwa na urefu wa sentimita 10, na huo ndio upana wa kitako. Rudia pembe ya pili.

Sasa kunja mdomo wa mkoba kwa ndani sentimita moja, kisha sentimita 3. Ingiza ncha za mikanda chini ya upindo huo, kila moja sentimita 15 kutoka kwenye mshono wa ubavu. Shona upindo wote, kisha inua mikanda iangalie juu na ushone ukingo wa mdomo.

Hapa ndipo mikoba mingi hufa. Mstari mmoja wa uzi hubeba uzani wote mahali pamoja, nao ukikatika mkanda hung’oka. Kwa hivyo, shona mraba mahali ambapo mkanda umekutana na mdomo, kisha upitishe alama ya X ndani yake. Uzani hugawanyika katika mistari sita badala ya mmoja.

Hatimaye, jihadhari na kishawishi cha kubandika nembo ya kampuni maarufu, hasa ukikusudia kuuza. Sheria dhidi ya bidhaa ghushi ya mwaka wa 2008 haimhurumii anayetumia jina lisilo lake. Kuvutiwa na umbo si aibu. Mnamo 2017 Balenciaga iliuza kwa zaidi ya dola 2,000 mkoba wa samawati uliofanana mno na mfuko wa IKEA wa chini ya dola moja.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Kadhalika, nembo ya kuazima haiimarishi mkanda. Utarizi mkoba wako kwa herufi za jina lako, ukijua kwamba umeushona wewe.